Maneno Kumi kwa Shilingi Tano

Dokta Kahigwa ameandika ubaoni, chaki ikilia:
Jadili nguvu ya redio katika jamii. Alama ishirini.
Wenzangu wamekimbilia nadharia, ya risasi, ya sindano.
Mimi nimeshuka Mlimani hadi stoo moja ya Ilala
wanakotunza madaftari ya matangazo ya vifo,
na vumbi limenipokea kama mgeni wa msiba.

Daftari la sabini na nne. Mende wamekula pembe.
Namtafuta babu yangu, aliyekufa saa mbili kasoro dakika kumi usiku,
baada ya bei za korosho, kabla ya taarifa ya habari.

Nyumbani hadithi hii huletwa pamoja na kahawa:
Babu alikuwa Ruvu, kazi yake mataruma ya reli,
kikombe mkononi, redio ya mwenye mgahawa juu ya kabati,
aliposikia sauti tulivu, iliyonyooka kama kanzu ya Ijumaa,
ikisema Mwinshehe Kondo wa Mtoni amefariki,
habari zimfikie Bi Tatu Mbonde,
na ndugu wa Mbagala na Kisiju, popote walipo.
Akacheka.
Kisha chai ikapoa.
Kisha akajishika kifundo cha mkono, kusikiliza,
isije ikawa yeye ndiye asiyejua.

Akarudi kesho yake kwa treni ya mizigo.
Akakuta turubai, masufuria ya kukodi, khitma imefika katikati,
na Mwinjuma jirani, aliyemdai shilingi kumi,
analia kuliko wote.
Mwinjuma akamgusa bega. Akamgusa tena.
Akasema kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto:
"Lakini redio imesema."

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na redio.

Bibi alikuwa ndani, amejifunga kaniki, nywele hazina mafuta.
Alichungulia dirishani, akamtazama mumewe,
kisha akaitazama Philips ya mbao juu ya meza,
kitambaa cha kufuma kichwani kama bi harusi,
akarudi kuketi.
"Eda haivunjwi na uvumi."
Babu akalala barazani.

Asubuhi akatembea hadi Barabara ya Pugu.
Karani akamwambia: neno moja, senti hamsini.
Mfukoni shilingi tano.
Akahesabu kwa vidole, akafuta "mimi", akafuta "wallahi",
akafuta neno ambalo hakutaka karani alione.
Hili hapa, nimelipata, wino mwekundu, mwandiko umelala upande:

Mwinshehe Kondo wa Mtoni yu hai. Bi Tatu, fungua mlango.

Usiku ule, anasimulia shangazi,
komeo lilisikika mtaa mzima.

Nilidhani jibu langu limekamilika. Alama kumi na nane, angalau.
Ila kidole kimeteleza, kikaangukia karatasi ya maombi,
imebanwa kwa pini yenye kutu,
jina kama lilivyoletwa dirishani, kwa penseli:
Mwinshehe Kombo. Mtoni, nyuma ya kisima.
Habari zimfikie mkewe, Binti Ngwale.

Em na be. En na de.
Habari ikaenda kombo,
na Kombo mwenyewe akaachwa nje ya habari.
Nimefunua kurasa za mwezi mzima, na mwezi uliofuata.
Hakuna aliyerudi kumsoma.

Basi alama zako, Dokta, nitazipata nikizipata.
Mimi nawaza nyumba ya nyuma ya kisima.
Labda hata nazi za pilau la matanga yetu zilitoka kule.
Saa mbili kasoro dakika kumi, Binti Ngwale anainama,
anaongeza sauti, anasikia Kondo yu hai,
anapiga kofi la furaha, anamwita jirani:
"Alhamdulillahi, wenzetu wamerudishiwa mtu wao!"
Kisha anafunika sahani moja ya wali kwa kawa,
anaisogeza karibu na makaa.